Tisa za Misri, tisa za Gelsenkirchen

Kila Kombe la Dunia linapokaribia, ile video hurudi Bunia. Hupita kwenye makundi ya WhatsApp ya familia, ya wanakwaya, ya madereva wa moto wanaosubiri wateja pembeni mwa Boulevard de Libération. Ni ya sekunde chache tu. Brazil wana mpira wa adhabu karibu na lango la Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule. Mwamuzi anapuliza filimbi, na kabla Mbrazili hajapiga hatua, beki mwenye namba 2 anachomoka kwenye ukuta na kuubutua mpira mbali kabisa. Wabrazili wanabaki wameduwaa. Chini ya video mtu huandika kwa Kiswahili chetu cha Ituri: "Bale batu balikuwa hapana kujua mupira." Mwingine huongeza kwamba ndiyo maana tulipigwa tisa.

Hapo tayari kuna kosa. Mchezo wa kwenye video si ule wa mabao tisa. Video ni ya tarehe 22 Juni 1974, Zaire na Brazil, mchezo uliokwisha 3-0. Mabao tisa yaliingia siku nne kabla yake, tarehe 18 Juni, dhidi ya Yugoslavia, katika uwanja uleule wa Parkstadion mjini Gelsenkirchen, Ujerumani ya Magharibi. Kumbukumbu yetu imeishona michezo hiyo miwili pamoja ikawa vazi moja la aibu, na tumewavika wachezaji vazi hilo kwa miaka zaidi ya hamsini bila kuangalia mshono.

Ukikaa kwenye nganda yoyote, yaani baa, hapa mjini na kulitaja jambo hili, utasikia maelezo ya namna tatu. La kwanza ni hilo la kwenye WhatsApp: hawakujua mpira, hata sheria zake hawakuzijua. La pili husemwa kwa sauti ya chini na mtu anayetaka uone kwamba anajua siri: kocha alikuwa Myugoslavia, akawauzia ndugu zake mchezo. La tatu ni la wapole, wanaosema mpira wa Afrika ulikuwa bado mchanga, tusiwalaumu. Nayakataa yote matatu, na hilo la wapole naliona baya kuliko mengine kwa sababu linafanana na huruma.

Tuanze na hesabu. Tarehe 14 Juni, mjini Dortmund, Zaire ilifungwa na Scotland 2-0, mabao ya Peter Lorimer na Joe Jordan, yote kabla ya mapumziko. Tarehe 18 ikafungwa 9-0. Tarehe 22 ikafungwa 3-0 na Brazil, waliokuwa mabingwa watetezi wa dunia. Mbili, tisa, tatu. Wachezaji ni karibu walewale, kocha ni yuleyule, na yote yalitokea ndani ya juma moja na kidogo. Kama tatizo ni kutojua mpira, basi wenzetu waliujua siku ya Ijumaa, wakausahau Jumanne, wakaukumbuka tena Jumamosi mbele ya Rivellino na Jairzinho. Ujinga haupandi na kushuka hivyo. Kinachopanda na kushuka namna hiyo ni homa, na homa huwa na chanzo.

Tena hao waliosemwa hawajui walikuwa nani? Miezi mitatu kabla ya Gelsenkirchen walikuwa mabingwa wa Afrika. Mwezi Machi 1974 nchini Misri waliwatoa wenyeji katika nusu fainali kwa 3-2 baada ya kutanguliwa kwa mabao mawili. Fainali dhidi ya Zambia ikaisha 2-2 baada ya muda wa nyongeza, ikabidi irudiwe siku mbili baadaye, Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire katika fainali hizo mbili yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba wa AS Vita Club. Katika mashindano hayo alifunga mabao tisa, na mpaka leo hakuna aliyefikisha idadi hiyo katika Kombe moja la Mataifa ya Afrika. Ni tisa pia, lakini hiyo hakuna anayeituma kwenye simu.

Mwaka uliotangulia, 1973, Vita Club walikuwa wamechukua Kombe la Klabu Bingwa Afrika. Walifungwa 4-2 na Asante Kotoko kule Ghana, wakageuza kwa 3-0 Kinshasa. Kabla yao TP Englebert ya Lubumbashi, ambayo sasa tunaiita Mazembe, ilikuwa imelichukua kombe hilo mara mbili mfululizo, 1967 na 1968, na mwaka huohuo wa 1968 timu ya taifa ikawa bingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza. Ili kufika Ujerumani, Chui, kama timu yetu ya taifa inavyoitwa, walivuka mchujo wa bara zima lililopewa nafasi moja tu kati ya kumi na sita. Waliwapiga Zambia na Morocco, wakawa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Huo ndio mpira mchanga wa wale wapole. Ulikuwa umeshaota meno yote.

Kwa hiyo swali ni nini kilitokea kati ya tarehe 14 na 18. Jibu limesemwa miaka mingi na waliokuwamo, beki Mwepu Ilunga na Ndaye wakiwa wa mbele, na wala si la kiufundi. Waliahidiwa fedha. Baada ya mchezo wa Scotland wakagundua kwamba fedha hizo hazitafika mikononi mwao. Zilikuwa zimeishia kwa wakubwa waliosafiri na timu, na msafara ule ulikuwa na wakubwa wengi. Wachezaji wakasema hatuchezi. Wakabembelezwa, wakasukumwa, wakaingia uwanjani. Miili iliingia uwanjani. Roho zilibaki hotelini zikipiga hesabu.

Sidhani msomaji wa Bunia anahitaji kuelezwa zaidi, ila nitaeleza kwa sababu tunajifanya hatulioni. Tangu miaka ya tisini wazazi wa mji huu walilipa prime ili mwalimu wa mtoto wao aingie darasani, kwa kuwa mshahara wa serikali ulikuwa haufiki au ulifika umekatwa kichwa na mkia. Shule ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, walimu wengi walikuwa hata orodha ya mishahara haiwajui. Tunajua sura ya mwalimu wa aina hiyo. Anaandika tarehe ubaoni, anaketi, anatazama dirishani. Mtoto akifeli mwaka huo, nani kati yetu husema kwamba mwalimu yule hajui kuhesabu?

Niliwahi kulizungumza hili na mzee mmoja wa mtaa wa Nyakasanza, mwalimu mstaafu mwenyewe, aliyesikiliza mchezo ule kwenye redio ya betri wakati Bunia ikiwa bado sehemu ya Haut-Zaïre. Sauti kutoka Kinshasa, alisema, ilikuwa inakuja na kuondoka kama mtu anayezama. Bao la nne lilipoingia wenzake wakacheka, wakidhani mtangazaji anarudia la tatu. Alipomaliza kunisikiliza na hesabu zangu zote, aliniuliza jambo moja: "Mwana wangu, na ile falanga, nani aliikula?" Katika mazungumzo yote niliyowahi kuyasikia juu ya mabao tisa, ni yeye peke yake aliyeuliza.

Sasa turudi uwanjani, maana upande wangu pia una watu wanaopenda njia za mkato. Wapo wanaosema Zaire ilifungwa tisa kwa sababu ilibaki na wachezaji kumi. Si hivyo. Dušan Bajević alifunga dakika ya 8, Dragan Džajić dakika ya 14, Ivica Šurjak dakika ya 18, Josip Katalinski dakika ya 22. Mabao manne yaliingia Zaire ikiwa na watu wote kumi na moja. Kadi nyekundu ilitoka baada ya hapo, katika ugomvi juu ya bao hilo la nne. Zikaingia tano nyingine katika dakika zaidi ya sitini zilizobaki, hadi Bajević akafunga la mwisho dakika ya 81. Yaani Chui wakiwa kumi, bila mshambuliaji wao bora, walifungwa polepole kuliko walipokuwa kumi na moja. Ajali kubwa ilikuwa imetokea katika dakika ishirini na mbili za mwanzo, na kilichovunjika dakika zile hakikuwa mguu wala mfumo wa uchezaji.

Hata hivyo kadi hiyo inastahili kusimuliwa. Mwamuzi, Omar Delgado kutoka Colombia, alizongwa na wachezaji wa Zaire na mmoja wao akampiga teke. Aliyepiga ni Mwepu Ilunga, namba 2, mwenyewe alikiri. Aliyetolewa ni Ndaye Mulamba, namba 13. Wenzake walijaribu kueleza, Mwepu alijaribu kueleza, mwamuzi hakutaka kusikia. Mbili na kumi na tatu hazifanani hata kwa mtu mwenye mtoto wa jicho. Lakini kwa macho ya mwamuzi yule, inaonekana, Mzaire yeyote alitosha.

Kisha kuna habari ya golikipa, ambayo ndiyo mhimili wa wale wanaosema mchezo uliuzwa. Katika dakika ya 21, mabao yakiwa matatu, kocha Blagoje Vidinić alimtoa Kazadi Mwamba na kumwingiza Tubilandu Ndimbi, kipa mfupi ambaye kazi yake ya kwanza uwanjani ilikuwa kuokota mpira wavuni. Watu wanauliza: kocha gani hufanya hivyo kama hajanunuliwa? Maelezo yaliyotoka baadaye upande wa Vidinić ni kwamba amri hiyo ilitoka kwa mkubwa wa serikali aliyekuwa na timu. Uamini au usiamini, bado shutuma haisimami. Vidinić ndiye aliyewapa watu hawa ubingwa wa Afrika mwezi Machi. Kabla yao alikuwa ameipeleka Morocco kwenye Kombe la Dunia la 1970, ambako Ujerumani ya Magharibi waliwashinda kwa taabu 2-1. Yeye mwenyewe alikuwa kipa, aliidakia Yugoslavia. Kama angetaka kuuza mchezo kwa siri, kubadilisha kipa mbele ya dunia nzima dakika ya 21 ni njia ya mtu anayetaka kukamatwa. Na mnunuzi angenunua nini? Yugoslavia ya miaka ile haikuhitaji kununua ushindi juu ya timu iliyogoma. Hakuna aliyewahi kuonyesha ushahidi wowote, ila jina la nchi ya kocha. Kwa kipimo hicho kila mgeni ni mwizi.

Nakubali jambo moja bila kubembelezwa. Hata wangelipwa mpaka senti ya mwisho, nadhani wangefungwa. Džajić alikuwa mmoja wa mawinga bora wa Ulaya, na nchi yake ilikuwa imefika fainali ya Ulaya mwaka 1968. Tatu, labda nne. Swali ni kwa nini tisa, na sehemu ya jibu imo kwenye hesabu ya kundi. Yugoslavia walikuwa wametoka sare ya 0-0 na Brazil. Kila mtu aliona kwamba timu tatu zingeweza kulingana pointi, na tofauti ya mabao ndiyo ingeamua. Aliyewakuta Zaire siku ya udhaifu wao alikuwa na kila sababu ya kutowaonea huruma. Scotland walipopata mawili siku ya kwanza walipunguza mwendo, wakayalipia: kundi lilipokwisha, Yugoslavia, Brazil na Scotland walikuwa na pointi nne nne, na Scotland wakarudi nyumbani bila kufungwa mchezo hata mmoja, wakizidiwa na Brazil kwa bao moja. Bao hilo Brazil walilipata dakika ya 79 dhidi ya Zaire, shuti la Valdomiro lililompita Kazadi. Ukitaka kuona wazee wanaoikumbuka Zaire ya 1974 kwa uchungu wa kweli, nenda Glasgow.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye video. Mwepu alisimulia kwamba baada ya mabao tisa Rais Mobutu aliwatuma walinzi wake hotelini na ujumbe: wakifungwa na Brazil kwa mabao manne, wasirudi nyumbani. Kila mtu wa nchi hii aliyeishi miaka ile anajua kwamba maneno ya namna hiyo hayakuwa mzaha. Sasa mtazame tena yule beki. Amesimama kwenye ukuta, Rivellino ana mpira, na kati ya yeye na familia yake kuna idadi ya mabao. Anatoka mbio na kuubutua mpira mbali. Mtangazaji wa Kiingereza aliueleza ulimwengu kwamba huo ni ujinga wa Kiafrika. Mwepu, aliyekuwa na ubingwa wa Afrika na miaka ya soka ya Mazembe miguuni mwake, alisema alizijua sheria vizuri. Alikuwa amewakasirikia wakubwa waliokula jasho lao, na hakuona sababu ya kujiumiza wakati wao wamekaa. Mwamuzi Nicolae Rainea akampa kadi ya njano. Mchezo ukaisha 3-0. Walirudi nyumbani.

Wengine wakifungwa hivi, watu huuliza kilichotokea. Brazil ilipofungwa 7-1 na Ujerumani tarehe 8 Julai 2014 mjini Belo Horizonte, matano yakiwa yameingia kabla ya nusu saa, hakuna aliyesema Wabrazili hawajui mpira. Walitafuta sababu: Neymar kaumia, Thiago Silva hayupo, shinikizo la wenyeji. Scotland wenyewe walipigwa 7-0 na Uruguay mwaka 1954 na hawakuhesabiwa kuwa taifa lisilojua sheria. Sisi tulipofungwa, tulipewa sababu moja ya jumla, tukaimeza.

Tulipaswa kushtuka jambo lilelile liliporudi kwa majirani. Mwaka 2006 wachezaji wa Togo waligombania posho zao hukohuko Ujerumani mpaka kocha Otto Pfister akaondoka kwa muda. Mwaka 2014 Ghana ililazimika kupeleka Brazil dola zaidi ya milioni tatu taslimu kwa ndege ndipo wachezaji wake watulie. Safari hizo dunia iliandika habari za fedha. Mwaka 1974 wachezaji wetu hawakuwa na simu, wala wakala, wala klabu ya Ulaya ya kuwasemea. Wote ishirini na wawili walikuwa wakicheza nyumbani, chini ya mtu mmoja.

Nani alifaidika na hadithi ya ujinga? Si wachezaji. Kama Chui walikuwa wajinga, basi hakuna hesabu za kukaguliwa, hakuna mkubwa wa kuulizwa mfuko umekwenda wapi. Wala isisemwe kwamba nchi haikuwa na fedha. Miezi minne baadaye, tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa, kila mmoja akiwa ameahidiwa dola milioni tano. Mashujaa waliozawadiwa nyumba na magari walikuwa wameshageuka watu wa kuficha. Mobutu alipenda ushindi. Timu ya mpira hakuijali sana.

Ndaye Mulamba ndiye ninayemfikiria kila video ile inapoingia. Mwaka 1994 aliitwa Tunis kuheshimiwa kwa rekodi yake, akarudi nyumbani, watu wenye silaha wakamvamia wakidhani amekuja na fedha, wakampiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Burkina Faso, uwanja ulisimama kimya kwa dakika moja kumkumbuka marehemu Ndaye, aliyesemekana kufia kwenye machimbo ya almasi Angola. Marehemu alikuwa Cape Town, hai, na maskini. Alikufa kweli tarehe 26 Januari 2019.

Ukiitazama tena video, usimtafute. Hayumo. Siku ya Brazil alikuwa amekaa nje, akitumikia adhabu ya teke lililopigwa na yule mwenye namba 2.